Kikosi cha 26 na anga letu

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazee, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Wanafunzi mliojazana kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Sogeeni, viti vya mbele vipo na havina wenyewe.

Mada niliyopewa ni historia ya kikosi cha ndege za kijeshi, na nimeachiwa nichague kikosi mwenyewe. Hapa Mwanza ingekuwa rahisi kuchagua cha nyumbani. Mtu aliyekulia Ilemela au Pasiansi haambiwi ndege ya kivita ni nini. Kambi ya wanaanga iko palepale uwanjani, na ndege ikipita chini mwalimu darasani hunyamaza mpaka imalize kelele zake. Nitafika huko. Lakini naanza na kikosi cha wageni, Kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kwa sababu kilikuja katika nchi hii mara mbili. Mara ya kwanza 1916, kumsaka Mjerumani porini. Mara ya pili 1964, kuwanyang'anya silaha askari wetu wenyewe. Katikati kilifanya kazi nyingi nyingine, kwa ndege zisizofanana hata kidogo, na waliokuja mara ya pili hawakuwa wale wa mara ya kwanza. Bado kiliitwa Kikosi cha 26.

Hilo huwasumbua watu, basi nilieleze mapema. Kikosi cha ndege ni namba, nembo, bendera na daftari la kumbukumbu. Kazi ikiisha kinavunjwa: marubani wanapangiwa kwingine, ndege zinauzwa au zinakatwakatwa, namba inawekwa kabatini. Siku serikali ikihitaji kikosi, kabati linafunguliwa, namba inatolewa na kupewa vijana ambao pengine hawakuwa wamezaliwa kilipovunjwa. Wanakabidhiwa na nembo yake. Nembo ya kikosi hiki ni kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na maandishi yake ni ya Kiafrikaana, maana yake mlinzi wa angani. Waingereza waliokirithi baadaye, wengi wao hata salamu ya Kiafrikaana hawaijui, waliendelea kumvaa swala huyo kifuani bila kuuliza.

Alitoka wapi? Katikati ya mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika Kusini walimshinda Mjerumani katika nchi ambayo leo ni Namibia. Marubani na mafundi wao wachache waliokuwa wamerusha ndege katika jangwa lile walipelekwa Uingereza, na Oktoba mwaka huohuo, kwenye uwanja wa Netheravon, wakaundiwa kikosi. Mkuu wao alikuwa Meja Wallace, yuleyule aliyewaongoza Namibia. Wakati huo ndege hazikuwa jeshi la peke yake, zilikuwa tawi la jeshi la nchi kavu, na jambo hilo ni muhimu kuliko linavyosikika: aliyezituma ndege alikuwa jenerali anayetembea ardhini, na alitaka kitu kimoja tu, aambiwe kuna nini nyuma ya kilima. Desemba wakapanda meli. Tarehe 31 Januari 1916 wakafika Mombasa.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa Mbuyuni. Zipo Mbuyuni nyingi. Hii ni ya upande wa Kenya, njia ya Voi kwenda Taveta, mahali pakavu penye vumbi jekundu na Kilimanjaro mbele yako asubuhi. Hapo jeshi la Jenerali Smuts, Mwafrika Kusini aliyeongoza majeshi ya Waingereza, lilikuwa likijikusanya ili liingie Moshi. Kikosi kilikuja na ndege za aina mbili, na nataka tuzitazame kwa karibu, maana humo ndimo mlimo na kisa chenyewe.

Ya kwanza iliitwa B.E.2c. Mifupa yake ni mbao, ngozi yake ni kitambaa kilichopakwa rangi ya kukifanya kikaze kama ngoma, na mabawa yake mawili, la juu na la chini, yamefungwa kwa nyaya zinazopishana. Kila asubuhi fundi anapita akizigusa nyaya moja moja, hii imelegea, hii imekaza mno. Injini ina nguvu ya farasi 90, pungufu ya magari mengi madogo yaliyoegeshwa hapo nje. Ndani wanakaa watu wawili. Rubani yuko nyuma. Mbele, chini ya bawa la juu na juu ya bawa la chini, katikati ya nyaya na mihimili, anakaa mtazamaji, yaani yule aliyetumwa kwenda kuona. Nadhani mmenielewa. Mtu ambaye safari yote ilifungwa kwa ajili ya macho yake ndiye aliyewekwa mahali pa kuona vibaya kuliko pote kwenye ndege.

Na huko Ulaya, mwaka huohuo, ndege hiyo ilikuwa ikiuawa kama kuku. Iliundwa itulie hewani ili watu watazame chini kwa amani, na kitu kinachotulia ndicho kinachopigwa. Hapa kwetu haikuwa na wa kuipiga. Mjerumani hakuwa na ndege ya kupambana nayo, na njia zake za kuletewa nyingine zilikuwa zimefungwa baharini. Kwa hiyo ndege iliyochoka Ulaya ikapata maisha mapya juu ya mbuga zetu. Wanafunzi, hili mtaliona tena na tena katika historia ya silaha: kilichopitwa na wakati mahali pamoja kinatumwa Afrika.

Ya pili ilikuwa Farman ya Wafaransa. Mifupa yake ilikuwa mabomba ya chuma, si mbao. Marubani waliipenda kwa sababu ambayo fundi seremala yeyote wa Mwanza angeisema bila kufikiri: mbao ikipigwa jua la Februari kisha mvua ya Aprili inajipinda, na gundi inaachia. Chuma kinapata kutu, lakini hakipindi. Tena injini yake ilikuwa nyuma, kwa hiyo mtu wa mbele hakuzibwa na kitu.

Machi 1916 Moshi ikatekwa, na tangu hapo kikosi kikawa kinafuata jeshi kwa nyuma. Smuts akisonga, wanafyeka uwanja mwingine, wanang'oa visiki, wanafukia mashimo ya nguchiro, wanahamia. Kisha masika yakafika. Barabara zikageuka matope, magari yakazama, farasi na nyumbu wakafa kwa mbung'o kwa maelfu. Malaria haikujali cheo. Na mahali ambapo gari moshi halikufika na lori lilikwama, kila kitu kilibebwa vichwani na wapagazi: risasi, unga, dawa. Katika vita ile wapagazi walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Tukizungumza juu ya mashujaa wa angani tusisahau nani alikuwa chini, na debe kichwani.

Walikuwa wakiona nini huko juu? Mara nyingi, majani. Von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wajerumani hapa, na askari wake walijifunza upesi. Ndege ikisikika, moto unazimwa, watu wanaganda chini ya miti, safari zinafanywa usiku. Mtazamaji anarudi na ripoti kwamba hakuona kitu, na jenerali asiyejua pori anaandika kwamba hakuna kitu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu walikufa katikati yake.

Ila msidhani walikaa bure. Walipiga mabomu reli ya kati na kambi, mabomu madogo kwa kipimo cha baadaye. Walidondosha barua na amri kwa vikosi vilivyokuwa mbali, kwenye mfuko wenye utepe mrefu ili uonekane ukianguka. Na kwa maoni yangu kazi yao kubwa kuliko zote ilikuwa ile isiyotajwa kwenye sherehe: walisaidia kuchora ramani. Ramani za ndani ya nchi hii zilikuwa na mapengo makubwa, mto umechorwa nusu, mlima umewekwa siko. Mtu wa angani aliona mto unakokwenda.

Hapo najua mtaniuliza, na sisi huku ziwani? Mwanza haikutekwa kwa ndege. Ilitekwa kwa meli. Juni 1916 Waingereza walichukua Ukerewe, na Julai meli zao zikashusha wanajeshi wa Brigedia Jenerali Crewe upande wa mashariki wa mji. Tarehe 14 Julai wakaingia. Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini, na Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba. Ziwa lililopata ndege za kivita mapema ni Tanganyika, ambako Wabelgiji walileta ndege nne za kutua majini, wakaipiga Kigoma. Ziwa letu lilikuwa la meli, na kwa kweli mpaka leo mtu wa Ukerewe ukimwambia usafiri anafikiria meli kwanza.

Niongeze kisa kimoja kinachonifurahisha, ingawa hakihusu kikosi chetu. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kumletea von Lettow msaada kwa anga. Walirusha chombo kikubwa cha gesi, Zeppelin namba L 59, kutoka Jamboli huko Bulgaria, kimejaa dawa na risasi. Hakikukusudiwa kurudi, hata gamba lake lingeshonwa mahema na nguo. Kilivuka Mediterania, kikapita jangwa la Misri, kikafika anga la Sudani, ndipo kikaitwa kwa simu ya upepo kirudi. Kilikaa angani siku karibu nne bila kutua na kusafiri zaidi ya kilomita 6,700. Von Lettow hakupata hata bandeji moja. Mwezi huohuo alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na Kikosi cha 26, kilichomfukuza toka Kilimanjaro hadi kusini, kikawa hakina tena cha kufukuza. Mwanzoni mwa 1918 kilirudishwa Uingereza, Julai kikavunjwa.

Hapa nitakimbia, kwa sababu miaka inayofuata ni ya Ulaya na haituhusu sana.

Kabati lilifunguliwa 1927, namba ikapewa kikosi kipya huko Catterick. Kazi ilikuwa ileile ya Mbuyuni: kuwa macho ya jeshi la ardhini. Miaka ya Vita Kuu ya Pili ilianza nacho kikirusha Lysander, ndege yenye mabawa juu na miguu minene, inayoweza kutua kwenye shamba la viazi. Ilipelekwa Ufaransa, na Mei 1940 Wajerumani wakaonyesha kwamba siku za kuzunguka polepole juu ya adui na kumtazama zimekwisha. Basi wakabadilisha namna ya kuona. Mwaka 1942 kikosi hiki kilikuwa cha kwanza kupewa Mustang za Kimarekani, ndege zenye kasi, na rubani akawa peke yake: anapita chini karibu aguse miti, anapiga picha, anapotea. Juni 1944 marubani hawahawa walikuwa juu ya pwani ya Normandy, Ufaransa, wakizielekeza manowari shabaha za mizinga yao, kombora lenu limepita, rudisheni kidogo, sasa barabara. Wanafunzi wa hisabati wangependa kazi ile.

Vita ikaisha, kikosi kikavunjwa Aprili 1946, na siku hiyohiyo kikafufuka. Walichukua kikosi kingine kilichokuwa Ujerumani, namba 41, wakakipa namba 26. Watu walilala wa arobaini na moja wakaamka wa ishirini na sita. Wakakaa Ujerumani, baadaye na ndege za kivita zisizo na propela, Vampire, Sabre, Hunter, wakimsubiri Mrusi ambaye hakuja. Mwisho wa 1960 kikavunjwa tena. Miaka ile yote ilikuwa ya kujiandaa kwa vita ambayo, namshukuru Mungu, haikupigwa, na ndiyo maana sina la kuwasimulia.

Juni 1962 namba ikatolewa tena kabatini, safari hii kwa helikopta. Helikopta zenyewe ziliitwa Belvedere, na lazima niwaeleze zilivyokuwa, maana zilikuja kwetu. Zilikuwa ndefu, zenye panga mbili kubwa za kuzungusha, moja mbele na moja nyuma, kila moja na injini yake. Miguu ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo ikiwa chini inakaa imeinua pua kama imekasirika. Sababu ni kwamba michoro yake ya mwanzo ilikuwa ya jeshi la majini, waliotaka kuingiza torpedo chini ya tumbo. Jeshi la majini likaghairi, miguu ikabaki. Injini ya mbele ilikuwa nyuma tu ya chumba cha rubani na iliwashwa kwa kimiminika kinacholipuka upesi, na zipo zilizoungua zikiwa zinawashwa tu. Zilitengenezwa 26 basi, si zaidi. Idadi hiyo kufanana na namba ya kikosi ni bahati nasibu tu. Lakini zilikuwa na nguvu. Zingeweza kubeba askari kumi na wanane hivi, au kuninginiza mzigo wa zaidi ya tani mbili chini ya tumbo. Mwaka 1963 kikosi kikahamishiwa Aden, katika Yemen ya leo, kwenye kambi ya Khormaksar.

Sasa njooni Dar es Salaam, Januari 1964.

Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miaka miwili na jeshi la batalioni mbili, Tanganyika Rifles, moja katika kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam na nyingine Tabora. Jeshi hilo lilikuwa lilelile la King's African Rifles lililobadilishwa jina. Maofisa wakubwa walikuwa bado Waingereza, na mshahara wa askari ulikuwa mdogo. Askari walikuwa wakiona wenzao serikalini wanapanda vyeo, wao wanapigiwa kelele na mzungu yuleyule. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari batalioni ya Colito ikaasi, ikawakamata maofisa wake, ikaingia mjini. Siku iliyofuata Tabora nayo ikaasi. Siku nane kabla ya hapo Zanzibar ilikuwa imepinduliwa, kwa hiyo fikirini hofu iliyokuwepo. Rais Nyerere alifichwa. Oscar Kambona, waziri wa mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Maduka yakavunjwa, watu wakafa mjini.

Mwalimu aliporudi hadharani aliutembelea mji kwa miguu. Lakini jeshi lilikuwa bado halishikiki, na tarehe 24 serikali ikaomba msaada wa Uingereza. Manowari ya kubeba ndege, Centaur, ilikuwa tayari nje ya bandari. Ilikuwa imetoka Aden kwa haraka na makomando wa majini wa Kikosi cha 45, helikopta za Wessex za jeshi la majini, na Belvedere za Kikosi cha 26, ambazo ni za jeshi la anga na hazikuwa na kawaida ya kulala juu ya sitaha ya meli.

Alfajiri ya tarehe 25, manowari nyingine iliyoitwa Cambrian ikapiga mizinga ya kutisha, si ya kuua, ili askari watazame upande mwingine. Helikopta zikawashusha makomando kando ya kambi ya Colito. Brigedia Sholto Douglas, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa Tanganyika Rifles kabla ya maasi, alikuja nao akawaita askari wajisalimishe. Hawakutoka. Chumba cha walinzi langoni kikapigwa roketi. Askari wachache wakauawa, wengine wakakimbilia porini, wengi wakajisalimisha, na asubuhi hiyohiyo kambi ikawa imekwisha. Tabora ikafuata bila vita.

Nataka mtazame jambo hilo kwa macho ya kikosi na kwa macho yetu. Kwa kikosi ilikuwa kazi ya siku chache, safi, kati ya kazi nyingine. Mwezi huohuo na miezi iliyofuata walikuwa katika milima ya Radfan, kaskazini ya Aden, wakipandisha mizinga na maji kwenye vilele visivyo na njia. Sidhani kama kuna rubani yeyote kati yao aliyejua kwamba wenye namba yake walikuwa wamelala Mbuyuni, Kondoa na Morogoro miaka 48 nyuma, wakitafuta askari weusi wa Mjerumani chini ya miti ileile. Mbuyuni walikuja kuona, Colito walikuja kubeba. Hiyo ndiyo tofauti yote ya kazi, na ukiipima kwa matokeo, walioona hawakummaliza von Lettow, waliobeba walimaliza jambo lao kabla chai haijapoa.

Kwetu sisi ilikuwa aibu, na Mwalimu hakulificha neno hilo. Nchi huru imemwita mtawala wake wa jana aje amtulize askari wake. Wapo wanaosema hakuwa na njia nyingine. Mimi ni mmoja wao, lakini nimekaa na wazee wenye akili kuliko mimi wanaokataa, na hoja yao si nyepesi: wanasema mazungumzo yalikuwa yakiendelea. Tuliache hilo kwa maswali. Lisilobishaniwa ni kilichofuata. Tanganyika Rifles ikavunjwa. Waingereza wakaondoka, batalioni ya Nigeria ikaja Aprili kushika nafasi yao chini ya mwavuli wa Afrika. Colito ikawa Lugalo. Na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kwa vijana walioandikishwa upya kabisa.

Na hapo ndipo yanapoanza mambo ya anga letu. Nchi iliyoona helikopta za mtu mwingine zikitua kwenye kambi yake haihitaji kuhubiriwa kwamba nayo inahitaji wanaanga. Ujerumani Magharibi ikajitolea kutufundishia, ikaleta walimu na ndege ndogo. Haikudumu. Mapema 1965 wakakasirika kwa sababu tuliiruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, wakawaondoa walimu wao wa anga. Mwalimu akawaambia basi wachukue na msaada wao mwingine wa serikali. Wakaingia Wakanada, wakakaa hadi 1970, na ndege zao zilikuwa Otter na Caribou. Hizo si ndege za kupigana. Ni ndege za watu wa misitu ya Kanada, zinazopaa na kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo, zinabeba watu, dawa, kura, mchele. Kwa nchi yetu zilikuwa chaguo la busara, na nasema hivyo nikijua wapo waliotamani vitu vyenye kelele zaidi.

Kisha ikaja Septemba 1972. Wafuasi wa Milton Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Idi Amin, waliingia Uganda kutoka kwetu wakashindwa vibaya. Sehemu ya mpango ilikuwa kuwapeleka wapiganaji Entebbe kwa ndege ya abiria ya East African Airways iliyochukuliwa kinyemela Dar es Salaam. Ndege ikapasuka matairi ilipotua Kilimanjaro kuwachukua, mpango ukafia hapo. Idi Amin akajibu kwa mabomu. Ndege zake zikapiga Bukoba, zikafika mpaka Mwanza hii. Watu waliuawa. Otter na Caribou hazina la kufanya mbele ya ndege za kivita za MiG.

Baada ya hapo kazi ya wanaanga wetu ikabadilika. Vijana wakapelekwa China kujifunza, uwanja mkubwa wa kijeshi ukajengwa Ngerengere, zikaja ndege za kivita. Na Mwanza, kwa sababu ya mahali ilipo, ikawa jicho la kaskazini. Oktoba 1978 Amin alipopiga Bukoba kwa ndege kisha akavamia Kagera, wanajeshi na silaha walipita hapa: kwa reli mpaka mjini, kisha kwa meli kuvuka ziwa hadi Bukoba. Juu yao ndege zetu. Zile za usafirishaji nazo hazikukaa; majeruhi wanapanda ndege yoyote inayopaa.

Tarehe 29 Machi 1979 Kanali Gaddafi wa Libya, aliyekuwa akimsaidia Amin, alituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kuja kuupiga mji huu. Ilipita kwa kasi, ikakosa. Mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa cha wanyama, yakaua swala. Nimekwisha kusikia watu wakicheka kisa hicho, na kweli ukisimama Capri Point ukaona jinsi Saanane ilivyo karibu, unashindwa ucheke au ulie, maana umbali mdogo tu upande huu na yangeangukia makazi ya watu. Siku chache baadaye ndege zetu zilipiga Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka.

Na Kikosi cha 26? Kilivunjwa Aden mwisho wa Novemba 1965. Mwaka 1969 namba ikatolewa tena, ikapewa kikosi cha ndege ndogo huko Wyton, Uingereza, kilichokuwa kikiwapeleka maofisa wakubwa kwenye mikutano. Kikosi kilichomfukuza von Lettow kikaishia kuwa teksi ya majenerali. Kikavunjwa Aprili 1976. Wapo wanaoona huo ni mwisho wa kudhalilisha. Mimi sioni hivyo. Kubeba mtu na kumshusha salama ni kazi ya ndege kama nyingine, na katika daftari lote lile ndiyo miaka ambayo sijasoma habari ya mtu kuuawa na kikosi hicho.

Muda wangu umekwisha na mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla ya chai, naomba jambo moja. Humu ndani wapo waliokuwa watu wazima 1972, na wengi zaidi waliokuwa hapa 1979. Mzee wangu pale dirishani amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipoitaja Saanane, na nadhani ana lake ambalo halimo katika vitabu nilivyosoma. Kijana, mpelekee mzee kipaza sauti. Na ninyi wa nyuma, toeni kalamu.